Afisa Elimu Aliyekwenda Kumvizia Mfanyakazi Wake

Kisa hiki nimesimuliwa na dada mmoja wa halmashauri, akaniomba jina la wilaya nilifiche. Nami nakupa kama nilivyopewa. Ukimaliza kukisoma, mfikishie yeyote mwenye watu chini yake.

Katika wilaya moja ya milimani, upepo wa masika uliezua paa la ofisi ya elimu. Mabati mengine yaliokotwa mbali, katikati ya mashamba ya tangawizi. Chumba kimoja tu kilisalimika. Wafanyakazi wachache wakabanana humo, na wengine wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani kwa simu na kompyuta mpaka paa lirudi.

Mkuu wa ofisi hiyo, Afisa Elimu wa Wilaya, aliitwa Bwana Lupembe. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu asiyetulia. Miaka yote alizoea kupita milangoni asubuhi akitazama vichwa vilivyoinama mezani, na hapo ndipo moyo wake ulipopoa. Sasa meza zilikuwa zimefunikwa turubai na vichwa hakuviona.

Basi akawa mtu wa kupiga simu. Aliyechelewa kupokea, alimfikiria yuko sokoni au anapalilia shamba lake. Aliyepokea upesi, alimshuku pia. Mbona simu ilikuwa karibu naye hivyo? Alitoa agizo kwamba jambo lolote la kufunga shule au kubadili ratiba lisitoke bila yeye mwenyewe kulipitisha. Mwalimu mkuu mmoja aliyewahi kurudisha watoto nyumbani kwa sababu ya mvua alikaripiwa mbele ya wenzake. Toka siku hiyo, kila mtu akajifunza kusubiri.

Matengenezo ya paa yalipokaribia kwisha, Mkurugenzi wa halmashauri alimwita Bwana Lupembe. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa wameomba waendelee kufanyia kazi nyumbani hata baada ya matengenezo. Mkurugenzi alitaka kujua kama waruhusiwe au wote warudi. Akampa hadi kikao cha Ijumaa alete ushauri wake.

Jibu Bwana Lupembe alikuwa nalo tayari. Alichokosa ni ushahidi.

Aliyemnyima usingizi kuliko wote alikuwa Bi. Nakijwa, afisa wa shule za msingi. Yeye ndiye aliyetangulia kuomba. Mama yake alipatwa na kiharusi, upande mmoja ukapooza, na nyumbani walikuwa wawili tu. Bwana Lupembe alipoisikia sababu hiyo alitikisa kichwa kwa huruma. Lakini alipobaki peke yake alijiambia kwamba mtu mwenye mgonjwa ndani hawezi kuwa anafanya kazi ya serikali. Akaamua kwenda kumkuta.

Jumanne asubuhi alimwambia Bwana Kaduma, msaidizi wake pale ofisini, kwamba anatoka kukagua. Hakusema wapi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu Jumapili bila kupumua. Alipofika njiani alizima simu, asije mtu akamuuliza yuko wapi, habari zikamtangulia. Gari aliliacha madukani ili mlio wake usisikike, akapanda kilima kwa miguu, akiteleza na kushika migomba.

Mlango wa nyumba ya Nakijwa ulikuwa umerudishwa tu. Akabisha hodi. Kimya. Akabisha tena, kisha akauchungulia ukumbi. Kompyuta ilikuwa imefunikwa. Kiti kilikuwa kimesukumwa kando, na chai ilikuwa nusu kikombeni, imeshapoa.

Furaha ikamjaa kifuani. Baadaye alikiri kwamba katika yote ya siku ile, hiyo furaha ndiyo iliyomtia aibu kuliko kitu kingine.

Alikuwa amekwisha kugeuka aondoke aliposikia kitu kinakwaruza ndani. Akaita. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikamjibu, ya chini na nzito, maneno yakitoka kwa shida. Akaingia chumbani, akamkuta mama yake Nakijwa sakafuni, amebanwa kati ya kitanda na ukuta, mkono wake usiopooza umeshika mguu wa kitanda.

Bwana Lupembe akamwinamia, akamtia mikono kwapani.

"Wewe ni nani?" mama akauliza.

"Nafanya kazi na Nakijwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi nishike vizuri. Unanivuta kama gunia."

Alimrudisha kitandani kwa taabu, akamfunika, akamtazama kama ameumia. Hakuwa ameumia, ila alitetemeka. Nguo zake zilikuwa zimelowa, kwani gilasi ya maji ilianguka pamoja naye. Bwana Lupembe akatafuta khanga kavu, akampa, akatazama pembeni. Kisha akauliza Nakijwa yuko wapi.

"Ameenda kazini."

"Mama, kazi yake si iko hapa nyumbani?"

"Kazi ilipiga simu," mama akasema taratibu. "Ikalia sana. Akaenda."

Bwana Lupembe hakuamini. Alijua mama hawezi kumchongea mwanawe. Lakini kuondoka hakuweza pia. Mama alimweleza kwamba jirani wa ng'ambo ya kijito ameombwa aje kumtazama, naye hajafika. Huenda kijito cha bondeni kimejaa. Mwanamke huyu asingeweza hata kujigeuza. Akibaki peke yake na kuanguka tena, je?

Akaketi. Akasimama. Akaenda mlangoni kutazama njia, akarudi, akaenda tena. Kila alipoinuka, sauti ilimfuata kutoka kitandani.

"Unakwenda?"

"Hapana, mama. Natazama mvua."

Alifikiria kuwasha simu amwite mtu. Halafu akajiuliza atasemaje. Aseme yuko chumbani kwa mama wa mfanyakazi wake? Amekuja kufanya nini? Akaiacha simu mfukoni, imezimwa vilevile. Mama aliposema ana njaa, alikwenda jikoni, akawasha moto kwa kuni mbichi, moshi ukamtoa machozi. Akakoroga uji. Akaungua vidole. Akamnywesha kwa kijiko, na uji mwingine ukamiminika kidevuni, akaufuta kwa ncha ya khanga. Akamgeuza ubavu. Akamkanda mkono uliopooza kama alivyoelekezwa. Huku akili yake haikutulia. Mara ofisini, mara kwenye kikao cha Ijumaa, mara kwenye maneno makali aliyokuwa akimpangia Nakijwa.

Mchana ulikuwa umeshainama Nakijwa aliporudi. Alikuwa na tope hadi magotini, sweta limelowa, kiatu kimoja kimechukuliwa na kijito kilichoanza kupungua. Akaingia chumbani kwa haraka, akamwona mkuu wake ameketi pembeni mwa kitanda, kijiko mkononi.



"Shikamoo, mkuu," Nakijwa akasema.

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

Nakijwa akaegemea mlango, akaeleza. Asubuhi, Mwalimu Kiangi, mkuu wa shule ya ng'ambo ya bonde, alipiga simu ofisini. Kilima kilichoko nyuma ya madarasa kilikuwa kimepasuka, na udongo umeanza kuusukuma ukuta wa darasa la tatu. Alitaka ruhusa ya kuwatoa watoto na kufunga shule. Bwana Kaduma alipokea simu pale pale. Akamwambia asubiri ampate mkuu. Akapiga. Akapiga tena na tena. Mkuu hapatikani.

Mwalimu Kiangi alipochoka kungoja, akampigia Nakijwa. Naye akamwambia awatoe watoto wote sasa hivi, yeye atajibu. Mwalimu akaanza kuwatoa, lakini kwa woga. Alikumbuka mwenzake alivyokaripiwa. Hakuthubutu kuwatoa nje ya eneo la shule bila mtu wa ofisini kusimama pale. Ndipo Nakijwa akamwomba jirani kwa simu aje kwa mama, akatoka mbio, akavuka kijito kabla hakijajaa. Walipowafikisha watoto kwenye uwanja wa kanisa, wadogo wa darasa la awali wakiwa wa mwisho, wamebebwa mgongoni, kilima kikaporomoka.

"Darasa la tatu na la nne hayapo tena," alisema. "Ni udongo mtupu."

Bwana Lupembe akainuka. "Na watoto?"

"Wote wazima. Tumewahesabu, tukarudia kuwahesabu."

Kijiko kikamponyoka. Nakijwa hakukitazama. Alisimama wima kama mtu anayesubiri hukumu, akasema, "Nimevunja agizo lako, mkuu. Nimefunga shule bila ruhusa. Kama ni kuadhibiwa, niko tayari. Niliogopa sana kumwacha mama, lakini jirani aliniahidi."

"Jirani hakufika," Bwana Lupembe akasema. "Mama alianguka."

Nakijwa akaziba mdomo kwa mkono, akamkimbilia mama yake.

"Hakuumia. Nilikuwepo."

Nakijwa akageuka polepole. "Ulikuwepo kufanya nini?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema alipita kumjulia hali mgonjwa, naye angeshukuriwa. Maneno yalikuwa yamekwisha kumfika mdomoni. Lakini mama wa watu alikuwa akimtazama, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na madarasa mawili chini ya udongo.

"Nilikuja kukuvizia," akasema. "Nilizima simu ili usijue nakuja. Watoto wale walikuwa wakinitafuta mimi, nami nilikuwa hapa nasubiri kukushika umekosekana."

Akainamisha kichwa. "Kutwa nzima umefanya kazi yangu, Nakijwa, na mimi nimefanya yako."

Mama akavuta pumzi kitandani. "Na uji wake una madonge," akasema.

Nakijwa akataka kucheka, kikatoka kilio.

Bwana Lupembe akatoka nje, akawasha simu. Akampigia Bwana Kaduma. Kaduma akaanza kueleza kabla hajaulizwa. Alisema hakuinuka kitini tangu asubuhi, hata kula hakwenda, alikaa pale pale akipiga simu. Alisema alijua ilimpasa awaambie wawatoe watoto, alijua kabisa, lakini neno halikutoka.

"Nilimwambia mwalimu asubiri, mkuu. Nilimwambia asubiri."

"Nilikufundisha mimi," Bwana Lupembe akajibu.

Ijumaa kikao kilijaa. Wengi walitegemea kusikia kwamba wafanyakazi wa nyumbani wamefumaniwa. Bwana Lupembe akasimama, akasimulia siku yake yote bila kujiondoa, hata ile furaha mbele ya kiti kitupu. Kaduma alitoka nje kidogo, akarudi macho mekundu.

Alipomaliza, Mkurugenzi akamgeukia Nakijwa, akamuuliza kama basi wote wabaki nyumbani. Nakijwa akasema hapana. Alisema kuna wazazi wasio na simu, wanaotembea kutwa na mtoto mlemavu mgongoni kutafuta shule itakayompokea, na watu hao wanahitaji kukuta mlango wazi na mtu wa kuwasikiliza. Alisema pia kwamba kuna siku, akiwa nyumbani, alitamani mwenzake wa kuulizana naye jambo, akakosa. Lakini hawezi kumbeba mama yake kwenda naye ofisini, na siku ile ya Jumanne nyumba yake ilikuwa karibu na shule kuliko ofisi ilivyokuwa.

Wakakubaliana hivi. Mwenye kazi inayofanyika nyumbani aruhusiwe kwa siku watakazopatana. Mlango wa ofisi usifungwe hata siku moja, na wapokezane zamu ya kuupokea umma. Wanaobaki nyumbani wapatikane saa za kazi, na mkuu naye vilevile. Na mwalimu mkuu yeyote akiona hatari, awatoe watoto kwanza, aombe ruhusa baadaye.

"Sasa utajuaje nani anafanya kazi?" Mkurugenzi akamuuliza Bwana Lupembe.

Alifikiri kidogo. "Nitawauliza walimu wakuu. Walipoita, nani aliitika."

Dada aliyenisimulia anasema Bwana Lupembe bado hajatulia. Paa jipya limekamilika, na asubuhi nyingine huonekana akizunguka mle ndani, anasimama mbele ya viti vilivyo wazi, mkono unakwenda mfukoni kwenye simu. Anaitoa, anaitazama, kisha anapiga. Ila siku hizi humpigia mwalimu wa shule fulani ya mbali, akamuuliza wameamkaje huko, na kama kuna kitu wanasubiri kutoka kwake.

Funzo: Kazi haipimwi kwa kiti kilichokaliwa, hupimwa kwa mtu aliyeitikiwa alipoita, na kiongozi anayeipoteza siku yake kuwavizia watu wake, mara nyingi ndiye peke yake aliyekosekana kazini.