Ukoga wa Juu na Ukoga wa Chini

Usinibinulie mdomo, maji unayokunywa hapa tunayo kwa sababu ya ukoga, ule utando unaoota majini. Mwakyoma, mwenye mashamba ya parachichi, alikuwa amelizungushia uzio ziwa letu lenye kina cha kutisha. Alisema anayetaka maji akaombe mvua. Bibi Gwantwa, mzee wa kijiji chetu, akamfuata sebuleni kwake, na mwenyekiti wa kijiji nyuma yake.

“Bwana mkubwa, uzio wako hauna karatasi. Tugawane ziwa kama ukoga unavyogawana. Ule wa kijani hukaa juu ukaota jua, mwekundu hukaa chini ukashiba mwanga unaovuja. Sijasikia ukigombana.”

“Mpaka uwe wapi?”

“Pima tano kwenda chini. Chagua wewe, mwenye mali.”

“Juu!” Mwakyoma alicheka mpaka kitambi kikatikisika. “Ninyi kalambeni giza.”

“Na tupite kwako tukishusha madumu?”

“Piteni, mzame nayo!”

Wakaandikishana, mwenyekiti akagonga muhuri. Bibi akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

“Mwanangu, mdomo wa pampu yako uko pima ngapi?”

“Nane. Huko juu ukoga wa kijani unaziba…”

“Basi unanyonya kwangu. Ipandishe leo hii, umwagilie miparachichi yako ukoga.”

Bibi akatoka, akaufunga mlango.