Senti Saba za Njia Panda

Ujumbe huu hauna bahati ndani yake. Ukiutuma kwa wengine hutapata gari, na usipoutuma hakuna jini litakalogonga kwako. Nasema hivyo mapema kwa sababu nimechoka kutumiwa vitisho kila asubuhi, na nadhani nawe umechoka. Soma tu, kisha ufanye upendavyo.

Palikuwa na kijiji juu ya mlima, na mwenyekiti wake aliitwa Mzee Mhina. Alikuwa ameongoza miaka mingi kuliko alivyotaka. Kila akijaribu kuachia ngazi, watu walimwambia, "Mzee, tumalizie hili moja kwanza." Hilo moja halikuisha. Leo mbuzi wa fulani kala mihogo ya fulani, kesho mpaka wa shamba umesogea wenyewe usiku kama una miguu. Mzee alisikiliza, akaamua, akatukanwa na aliyeshindwa, akarudi nyumbani kulala.

Kutoka kijijini kwenda zahanati palikuwa na njia ya mkato. Ilipita kwenye njia panda moja nyembamba, mwamba upande huu, korongo upande wa pili. Ukiiacha njia hiyo, ilikubidi ushuke mpaka bondeni, uvuke mto, kisha uupande mlima wa pili wote. Hakuna aliyependa kupita bonde.

Asubuhi moja watu waliokwenda kukata kuni walikuta kitu katikati ya njia panda. Zilikuwa senti za zamani, zile pana za shaba zenye tundu katikati, za enzi za Mwingereza. Zilikuwa saba, zimetungwa pamoja kwenye uzi mwekundu, na uzi ule ulikuwa na mafundo matatu.

Wakata kuni wakarudi mbio bila kuni.

Nanyi mnajua watu wetu. Mtu akiwa na nuksi au ugonjwa usiokwisha, huambiwa aifungie nuksi yake kwenye kitu, akakitupe njia panda. Atakayekiokota, au kukikanyaga, au hata kukiruka, ndiye anayeibeba. Sasa hapa palikuwa na hela, tena za zamani, na hela za zamani husemwa zina wenyewe. Uzi ulikuwa mwekundu. Idadi ilikuwa saba. Hakuna kilichokosekana.

Kufikia adhuhuri kila mtu alikuwa na tafsiri yake. Wengine walisema mafundo matatu ni watu watatu watakaokufa. Wengine wakasema la, ile ni bahati, atakayeokota atatajirika, ila lazima atoe mtu wa nyumba yake. Yote yalisemwa kwa sauti ya chini, na wote walimalizia kwa maneno yale yale: lisemwalo lipo.

Wazee wakamwendea Mzee Mhina.

"Mwenyekiti, toa neno," walimwambia.

Mzee hakuwa mtu wa mambo hayo. Moyoni alijua kuwa shaba ni shaba. Lakini alizitazama zile nyuso, akaziona jinsi zilivyokwisha kuamua.

"Neno gani?" aliuliza. "Nikienda kuziokota, na ndama wa mtu akafa wiki hii, mtasema ni mimi. Nikisema ziachwe, mtasema naogopa. Mnataka nini?"

"Tunataka busara yako, mzee."

"Basi ziacheni. Zitafukiwa na vumbi. Kila mtu apite anakotaka."

Alidhani amemaliza. Na kweli siku ile alilala vizuri.

Lakini watu hawakupita walikotaka. Walipita bondeni, wote. Waliokwenda kusaga walipita bondeni na magunia kichwani. Walioumwa malaria walipita bondeni wakitetemeka. Aliitwa hata mtaalamu mmoja kutoka mbali, akazitazama zile senti akiwa amesimama mbali zaidi ya watoto, akasema zinaondoka kwa mbuzi mweusi asiye na doa. Ikatafutwa nyumba ya kutoa mbuzi. Hapo ndipo wenye mbuzi wote walipogundua kwamba mbuzi wao wana doa. Mtaalamu akaondoka, senti zikabaki.

Na Mzee Mhina je? Wiki ya kwanza alikuwa akipita mkato, peke yake. Akirudi, watu walikuwa wanamkwepa kumpa mkono. Mtu mmoja alimwita mwanawe aliyekuwa amekaa karibu na mzee, akamwambia aende akaoge. Mzee aliona, akahuzunika, na zaidi ya kuhuzunika alichoka. Mtu atabishana na kijiji kizima mpaka lini? Siku moja akaifuata njia ya bondeni pamoja na wengine. Walifurahi kumwona. Walimpokea na kikapu chake. Tangu siku hiyo akawa anapita huko, na maneno yakaisha.

Sasa Mzee Mhina alikuwa na binti mmoja tu, Sikudhani, aliyeolewa kijiji cha mbali. Alikuwa na mimba ya kwanza, na kama desturi yetu ilivyo, mwenye mimba ya kwanza hujifungulia kwao, naye akaja. Mama yake alikwisha tangulia mbele ya haki, lakini shangazi yake alikuwepo, Bi Mwanahawa, dada wa mzee, mkunga ambaye nusu ya kijiji ilipitia mikononi mwake.

Uchungu ulianza asubuhi. Mchana Bi Mwanahawa alitoka chumbani akiwa anajifuta mikono, na hakuwa na uso wa mtu mwenye habari njema.

"Kaka, mtoto amekaa vibaya," alisema. "Hili limezidi mikono yangu. Apelekwe zahanati sasa hivi."

Vijana wanne wakaja na machela. Mmoja wao alikuwa Mhando, fundi mwashi, mtu mwenye nguvu na moyo wa kusaidia. Wakamlaza Sikudhani, wakamfunika khanga, wakaondoka karibu kwa mbio, mzee akiwafuata nyuma.

Walipofika mwisho wa nyumba za kijiji, pale njia zinapogawanyika, moja ikienda njia panda na nyingine ikishuka bonde, vijana walisita.

"Piteni mkato," alisema mzee.

Hakuna aliyeinua mguu.

"Mzee," alisema Mhando kwa upole, "mja mzito kumpitisha pale? Ikiwa sisi wazima hatupapiti?"

"Nasema piteni mkato. Hakuna kitu pale."

"Kama hakuna kitu, mbona hata wewe hupapiti?"

Mzee alifungua mdomo. Angeweza kueleza. Angeweza kusema kwamba yeye alikuwa hapapiti kwa sababu nyingine kabisa, kwamba alichoka tu kutengwa, kwamba hayo ni mambo mawili tofauti. Lakini maelezo hayo yalikuwa marefu, na Sikudhani alikuwa analia, na vijana walikuwa wamekwisha geuka kuelekea bonde. Akawafuata.

Mto ulikuwa umejaa kiasi. Walivuka polepole, machela juu ya mabega, wakipapasa mawe kwa miguu. Kisha wakaupanda mlima. Katikati ya mlima Sikudhani aliacha kulia, na kimya chake kilikuwa kibaya kuliko kilio.

Jua lilikuwa limeinama walipofika. Muuguzi alifanya yote aliyoweza kuyafanya. Mama akapona. Mtoto alikuwa wa kiume, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, na hakulia.

Muuguzi alitoka nje akaketi kwenye benchi kando ya mzee.

"Mngefika mapema kidogo tu," alisema. "Kidogo tu, mzee wangu. Mmepitia wapi?"

Wale vijana wanne walikuwa wanatazama chini.

Walimzika mtoto kesho yake. Baada ya maziko mzee hakukaa na watu. Alichukua fimbo yake, akaelekea njia panda peke yake, na watu walipogundua anakokwenda walimfuata kwa mbali. Alifika, akainama kwa taabu maana mgongo wake haukuwa mzima, akaziokota zile senti saba na uzi wake. Radi haikupiga. Alizikung'uta vumbi, akarudi nazo mpaka kwenye uwanja wa mikutano, akazitupa juu ya mkeka.

Watu wakarudi nyuma, isipokuwa Mhando. Yeye alisogea mbele, kwanza polepole, kisha kwa haraka. Akachuchumaa. Akaushika uzi kwa ncha, akauinua juu, na zile senti zikaning'inia chini zimenyooka, zikatulia.

"Hii ni timazi yangu," alisema.

"Timazi ipi?" aliuliza mzee.

"Ya kupimia ukuta kama umesimama sawa. Ya dukani sikuwa na uwezo nayo, nikatunga hizi senti za marehemu babu. Nilianza na sita, upepo ukawa unazichezesha, nikaongeza ya saba. Fundo hili ni kimo cha dirisha. Hili la mlango. Hili la boriti." Akageuza uzi mkononi. "Nilitoka kujenga huko ng'ambo ya mlima, mfuko wa baiskeli ulikuwa umechanika. Nilipofika nyumbani sikuiona. Nikadhani shemeji yangu kaiuza, mpaka leo hatusemeshani."

"Na hukuja kuitazama hii?"

"Nilisikia kuna uchawi, mzee, sikutaka hata kusikia ni wa kitu gani. Nani huenda kuutazama uchawi?"

Akaketi chini hapo hapo alipokuwa, senti zake mkononi, akaanza kulia kama mtoto. Alikuwa amembeba Sikudhani kwenye bega lake kuukwepa uzi alioufunga mwenyewe.

Mtu mmoja akasema, "Jamani, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo ni tamu sana, hasa ikiwa kaburi si la kwenu.

Mzee Mhina akainua mkono. "Nina swali moja tu, kisha mtaniacha nikapumzike. Nani hapa alikuwa anaamini kweli?"

Watu wakatazamana. Kijana mmoja akasema, "Mimi sikuamini, mzee. Nilikuwa namwogopa mama mkwe, yeye ndiye angenisema."

Mama mkwe wake akashtuka. "Mimi? Mimi nilipita bondeni kwa kuwa nyie vijana mlipita. Nikasema hawa wamesoma, wanajua kitu."

Mwenye mashine ya kusaga akasema yeye hakuamini, ila wateja. Wateja wakasema hawakuamini, ila majirani. Mwalimu akasema hata shuleni hufundisha kwamba ni ujinga, lakini mtu huishi na watu. Wakata kuni, waliozikuta senti siku ya kwanza, wakasema wao walishtuka tu siku ile, wangerudi kesho yake, ila walipoona kijiji kizima kinapita bondeni, na mwenyekiti naye, wakajua limethibitika.

"Na mwenyekiti naye," alirudia mzee taratibu.

Akajizoazoa, akaenda zake nyumbani.

Sikudhani alikuwa amelala ubavu, kifua kimefungwa khanga kwa nguvu ili maziwa yakauke. Shangazi yake alikuwa anampepea. Mzee akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda. Alimweleza kila kitu, bila kuficha: timazi, mafundo, mfuko uliochanika, na jinsi kijiji kizima kilivyokana. Alimweleza kwa sababu aliona ni haki yake kujua, ingawa angependa mtu mwingine amsaidie kusema.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo.

"Na wewe, baba? Wewe ulikuwa unaamini?"

"Hapana, mwanangu," alisema mzee. "Hata siku moja."

Sikudhani akamtazama kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alikuwa mchovu tu, kama baba yake.

"Bora ungekuwa unaamini," alisema. Akageukia ukutani.

Funzo: Usilifuate jambo usiloliamini kwa sababu tu umechoka kubishana. Mwenye hofu ana udhuru wake. Asiye na hofu, akaifuata njia ya waoga ili apate amani, hana la kujitetea siku gharama itakapolipwa na mwingine.