Utete Uliolisha Watoto Wawili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama hamjala? Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale mvua ilinyesha siku tatu, maji yakazunguka kichuguu walimoishi wadudu chungu. Watoto wawili wa chungu wakakwama juu ya jiwe, ng'ambo ya maji: Saumu, mwana wa mjane Bi Mwanatumu, na Chiku, binti wa Mzee Fumo.

Kulikuwa na utete mmoja tu, umelala kutoka kichuguuni hadi jiweni. Tundu lake lilikuwa jembamba: punje ya ulezi hupita, chungu hapiti. Basi wazazi wakabingirisha punje humo ndani, Bi Mwanatumu ulezi mweupe, Mzee Fumo ulezi mwekundu. Kila punje ikifika, watoto hugonga utete: ngo!

Bi Mwanatumu alifuata desturi ya kwao. Alituma moja. Ngo! Akatuma mbili. Ngo, ngo! Akatuma tatu. Punje zilipozidi, utete uliinama, maji yakaingia yakazizoa, ng'ambo kukawa kimya. Hapo alipunguza nusu, kisha akaanza tena kuongeza moja moja.

Mzee Fumo, mwenye jamaa wengi na hofu nyingi, kila akisikia kimya alipiga kelele: "Mwanangu hajala! Ongezeni!"

"Mzee Fumo, punguza kidogo," Bi Mwanatumu akamsihi.

"Nipunguze Chiku afe?"

"Na Saumu wangu je?"

Bi Mwanatumu akapunguza, Fumo akajaza nafasi. Akapunguza tena, Fumo akajaza. Akapunguza mara ya tatu, akawa anatuma punje moja tu kila mara. Naona unakunja uso wewe! Hata mimi hapa huwa nakasirika.

Alfajiri akaituma ile moja. Ngo! Papo hapo Fumo akamimina ghala lake lote. Utete ukazama, maji yakazoa ulezi wote. Asubuhi kimya. Adhuhuri kimya. Alasiri kimya.

Fumo akaketi kwenye matope akalia. "Dada yangu, nimemuua mwanangu kwa mikono yangu."

Bi Mwanatumu alikuwa na haki ya kumtukana. Hakumtukana. Alimshika bega, akamwambia, "Utete umeinuka, kaka. Nitakugawia ulezi wangu. Tuma moja, nami moja, halafu tusikilize."

Wakatuma. Wakasikiliza.

Ngo! Ngo!

"Wako hai!" Fumo akapiga kelele. "Sasa niongeze ngapi?"

"Moja tu."

Tangu hapo utete ukiinama, wote wawili walipunguza nusu. Ukiinuka, wote wawili waliongeza moja. Watoto hawakushiba sana, lakini walikula kila siku.

Siku ya saba maji yakakauka. Fumo na Bi Mwanatumu walikimbia mpaka jiweni, Fumo akamkumbatia binti yake.

"Mwanangu, siku ile ya kimya mlikula nini?"

"Punje moja nyeupe, baba. Ilikuwa ya Saumu. Aliipasua katikati, akanipa kipande kikubwa."

Mzee Fumo akamtazama yule mtoto mwembamba, kisha akamtazama mama yake. Akapiga magoti, akambeba Saumu mgongoni mpaka nyumbani kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliye na machozi ayafute, tutasema ni moshi.