Kinachobaki ni cha Mkasi

Hebu sema kweli: ile zawadi uliyoishona kwa mkono wako, ulimshonea mwenzako au uliishonea sifa yako? Usijibu upesi. Bi Rehani naye alijibu upesi.

Yasimuliwa na waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa pwani, zama za kale, aliishi mwanamke mcha Mungu aliyeitwa Bi Rehani, fundi wa kushona na kudarizi. Alifunga Jumatatu na Alhamisi, na uradi haukumtoka mdomoni sindano ikiwa mkononi. Kila mtoto aliyezaliwa mjini, wa tajiri na wa mchukuzi, alilazwa juu ya mfarishi wa Bi Rehani: vipande vya nguo vilivyoungwa kwa ustadi, vikatiwa pamba katikati, vikadariziwa pembeni. Hakutoza kitu. Watu walisema, "Huyu pepo yake ameshaishona mwenyewe." Naye alijibu, "Astaghfirullah, msiseme hivyo," kwa sauti ya mtu anayetaka yasemwe tena.

Vipande hivyo vilitoka kwa wateja. Mafundi wa mji ule walikuwa na kauli yao: kinachobaki ni cha mkasi. Mteja akileta kitambaa, nguo yake ikishakatwa, masalio yanaingia kapuni kwa fundi, wala hakuna aliyeulizwa kama ameridhia. Ada ikishakuwa ada, nani huuliza?

Basi mke wa kadhi akajifungua mtoto wa kiume. Siku zile zile Mwana Shali, mwanamke mwenye uwezo, akaleta hariri ya kijani ili binti yake ashonewe nguo ya harusi. Bi Rehani akaitazama hariri ile, kisha akautazama mfarishi wa mwana wa kadhi, akaona katikati pamefifia. Akakata kipande. Akajiambia, "Kitabaki tu."

Mabaki, kwa wanaojua lugha, hubaki baada ya kukata nguo ya mwenyewe. Haya ya Bi Rehani yalibaki kabla.

Nguo ikapelea kifuani. Mwana Shali akaja hadi barazani, sauti mbele, yeye nyuma.

"Hariri si sukari iyeyuke! Humu ndani mnashona wawili. Mmoja ni Bi Rehani, Mungu amhifadhi. Haya, nimuulize nani?"

Wa pili alikuwa Zamda, mjane aliyeshona mapindo kwa Bi Rehani na kumlea binti yake kwa ujira huo. Zamda akamtazama fundi wake. Bi Rehani akainamia sindano.

"Wallahi sikuichukua," Zamda akasema.

"Na mwizi huapa vivyo hivyo," akajibu Mwana Shali.

Walipoondoka wote, Bi Rehani akakifunika kile kipande cha hariri, alichokwisha kukishona katikati ya mfarishi, kwa kitambaa cheupe cha bafta, akakishona juu yake kwa mishono midogo isiyoonekana. Mfarishi ukapelekwa kwa kadhi. Akasifiwa sana.

Zamda akamfuata. "Bi Rehani, mimi sikuiba, nawe wajua."

"Najua, mwanangu."

"Basi nisemee."

"Nitasema. Mwache Mwana Shali apoe kwanza. Subiri, Mwenyezi Mungu yu pamoja na wenye kusubiri."

"Mimi nasubiri," Zamda akasema. "Wewe wangoja nini?"

Alingoja harusi ipite. Ikapita. Akangoja Ramadhani, maana kwenye mwezi mtukufu si vizuri kuzusha fitina. Ikaja Idi, na nani hutibua Idi ya watu? Jambo ambalo lingesemwa kwa pumzi moja likazidi kunenepa, hata mlango wa kinywa ukawa mdogo kwake.

Hakuna aliyempa Zamda sindano tena. Akipita kisimani, wanawake waliitana: "Anueni nguo, jamani, mkono mrefu huyo!" Wakacheka. Akaenda kupiga makumbi ya nazi ya kusokotea kamba kwenye tope la ufukwe, kifua kikamshika, akawa anakohoa mpaka anakaa chini. Hakumtaja Bi Rehani kwa mtu. Wasimulizi husema huo ndio ucha Mungu wake. Huenda. Huenda pia alijua kwamba neno la mjane halina kwa kukaa katika mji ambao kila mtoto amelala juu ya wema wa Bi Rehani.

Naye Bi Rehani alitubu, kwa namna yake. Akarefusha sijida. Akashona mifarishi maradufu, na kila uliotoka mkononi mwake ulimlemea kama kwamba umejazwa mawe. Hatimaye akamwendea mwanachuoni wa mji, akauliza kwa niaba ya mtu asiyekuwapo: "Mtu akila haki ya mwenzake, kisha akatubu kwa machozi?"

"Mola husamehe iliyo haki Yake," akajibu mzee yule. "Haki ya mja iko kwa mja. Na aende kwake."

"Na akiona haya?"

"Haya hizo, Bi Rehani, anawaonea watu au anamwonea Mungu?"

Hata baada ya hayo hakwenda siku ile. Alikwenda kesho yake asubuhi, na kabla hajafika uchochoroni akasikia kilio. Zamda alikuwa amekufa alfajiri. Mlango wa toba ulikuwa wazi kama ulivyo siku zote. Mtu wa kusamehe ndiye asiyekuwapo.

Subira ya Zamda twapenda kuisimulia, ndugu zangu, kwa kuwa haikutugharimu kitu. Lakini subira ya mdhulumiwa haimpi ruhusa dhalimu kuchelewa.

Jeneza likatolewa uani, wanaume wakajipanga, wanawake wakabaki nyuma ya mlango. Imamu akauliza kama iulizwavyo: "Waislamu, mwamshuhudiaje maiti huyu?"

Huitikiwa, "Mtu mwema." Mara hii watu walitazama miguu yao.

Imamu akauliza tena. Kutoka ndani ikasikika sauti ya binti wa marehemu, peke yake: "Mama yangu alikuwa mtu mwema." Hakuna aliyempokea. Mwana Shali akajitandia vizuri shela yake.

Bi Rehani akausukuma mlango, akatoka uani mbele ya wanaume, jambo asilolifanya maisha yake yote.

"Hariri niliikata mimi," akasema. "Huyu hakuiba hata uzi. Nilijua, nikanyamaza, nikamzika yu hai."