Kijani cha Mzee Kiswaga

Wewe unayenisikiliza: mara ya mwisho ulipopaka kitu rangi, ulikuwa unakipamba au ulikuwa unakificha? Usinijibu. Jibu la haraka kwa swali hili huwa la uongo.

Mtu mmoja alikuwa na gari jeupe. Aliitwa Kiswaga, mzee wa kanisa katika mji mdogo wa nyanda za juu, kule ambako ukungu hushuka mwezi wa Mei na kukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Jioni moja ya manyunyu, akirudi na mkewe Serafina kutoka kwenye kipaimara cha mpwa wao, alimgonga msichana kwenye barabara ipitayo katikati ya mashamba ya chai. Hawakushuka.

Msichana aliitwa Tulizo. Hakufa. Wachuma chai walimwokota, nyonga imevunjika, na alichokumbuka ni kitu kimoja tu: gari lilikuwa jeupe.

Sasa, mtaani pale magari meupe yalikuwa mawili. La pili lilikuwa la Sanga, mbeba viazi, mtu wa kuja, mpenda pombe ya ulanzi, ambaye kanisani alionekana siku za misiba tu. Polisi walimhoji, wakakuta gari lake halina hata mkwaruzo, wakamwachia. Hawakutajiwa gari jingine. Nani angelitaja? Gari la mzee wa kanisa huwa halina rangi. Lakini mtaa haukumwachia Sanga. Mizigo yake ikahamia kwa wengine. Mkewe akifika kwenye bomba la maji, wenzake walibeba ndoo zao hata kama hazijajaa. Ikapangwa kwamba Jumapili, baada ya ibada, watu wakutane waamue ahame. Na wako vijana waliosema kuhama ni kidogo, kwamba nyumba ya mbao huwaka vizuri hata kwenye baridi.

Kiswaga aliyasikia yote haya. Akanunua rangi ya kijani.

Gereji hakwenda, maana fundi huanza kwa kuuliza gari limegonga nini. Alijifunza kwenye video ya simu, kwa kijana mmoja mchangamfu wa nchi ya jua, aliyeapa kwamba kazi hii hata anayeanza leo anaiweza. Piga msasa. Ziba bonyeo kwa puti. Funika vioo na taa kwa magazeti. Nyunyiza tabaka jembamba, subiri, nyunyiza tena. Kiswaga alifuata kila neno, na akaongeza moja la kwake: alichagua asubuhi za ukungu mzito, ili jirani asione. Alikodi kompresa ya kunyunyizia rangi, akaiweka nyuma ya nyumba, Serafina akashika waya usiguse majani mabichi. Walifanya kazi bila kusemezana, kila mmoja akiwa kivuli tu kwa mwenzake.

Rangi ilitoka kijani. Ilitua kijani. Wakaingia ndani kunywa chai, na walipotoka ilikuwa imepauka. Utando mweupe, kama pumzi kwenye kioo, ulikuwa umelifunika gari lote.

Msiniletee habari za majini. Rangi ya aina ile ikinyunyizwa penye unyevu, hukauka na unyevu ndani yake, ikageuka nyeupe. Anayepaka mchana kweupe, juani, halijui tatizo hili. Hilo naweza kulieleza. Nisichoweza kukieleza ni kwa nini kila mara weupe ulianza kurudi mahali pamoja, mbele upande wa kushoto, kwenye kimo cha nyonga ya msichana, ndipo ukatambaa kwenda kwingine.

Akapiga msasa upya. Akanyunyiza. Ukarudi. Akazidisha rangi hadi ikachuruzika kama machozi ya mlevi, na michirizi nayo ikapauka. Wakati huo ule ukungu ulikuwa unaipeperusha rangi ya kijani kila upande. Ilitua kwenye mashuka yaliyoanikwa, kwenye mgongo wa jogoo, kwenye mboga, kwenye nyusi za Serafina. Kila kitu uani kilishika kijani isipokuwa gari.

Na watu walipita. Katika ukungu wa kule unamsikia mtu kabla hujamwona, na wengine huwaoni kabisa.

"Kamwene, mzee!" sauti moja iliita kutoka njiani. "Naona gari linaota mvi! Lipe mke wa pili litarudi ujana!"

Ikacheka, ikaenda zake. Kiswaga hakujua ilikuwa ya nani. Alibaki akijiuliza imeonaje.

Jumamosi akaja mama yake Tulizo. Alitokea ghafla kando ya gari, kanga kichwani, kama aliyekuwa amesimama pale tangu zamani.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Mtoto anaendeleaje?"

"Anakaa. Akisikia gari linapita anajifunika shuka usoni." Alisogea karibu na gari. "Nimekuja kuomba. Kesho uanze kusema wewe. Ukisema Sanga ndiye, hakuna wa kubisha. Vijana wanangoja neno lako tu, wamalize."

Kiswaga aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeombwa kufungua kikao kwa sala. Mama yule aliegemeza kiganja chake kwenye mlango wa gari, akakitazama.

"Hili jeupe halijakauka?"

"Ni kijani, mama."

"Haya, baba," alisema mama. "Kijani."

Akaufuta mkono kwenye kanga, ukungu ukamchukua.

Serafina alikuwa amesimama na waya mkononi. Mumewe alimwambia, "Washa." Akawasha.

Jumapili watu walijaa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, na ukungu ukajaa nao, hata walio nyuma hawakuonekana ila kwa kikohozi chao. Sanga aliwekwa kwenye benchi peke yake. Alikuwa amevaa shati la misibani. Vijana walisimama karibu na njia ielekeayo nyumbani kwa Sanga, na mmoja wao alikuwa na kidumu, na hapakuwa na mzee hata mmoja aliyemuuliza cha nini. Kiswaga alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwamba mtaa ni kama mwili, na kiungo kibovu hukatwa. Ilikuwa hotuba nzuri. Watu waliguna kwa kuridhika. Kisha akanyoosha mkono na kufungua kinywa alitaje jina.

Jina halikutoka. Upande wa wanawake mtu alikuwa amesimama kabla hajakaribishwa, na jambo hilo peke yake liliwanyamazisha watu. Mwenyekiti alisema, "Mama, subiri zamu yako." Hakusubiri.

"Sanga mwacheni," alisema Serafina. "Tulizo tulimgonga sisi. Mume wangu alikanyaga breki, akashika kitasa ashuke. Mimi ndiye niliyemwambia, twende."