Kifaru Aliyeibiwa Moshi

— Ngano inakuja, naileta!
— Ilete, tumeipisha njia!
— Imebeba mdogo na mkubwa!
— Mteremshe mdogo tumwone!

Mdogo mwenyewe ni Pimbi, mama wa watoto, mkazi wa majabalini. Hana mkia, miguu yake mifupi, na ukimwona kwa mbali utadhani ni panya aliyeshiba. Mkubwa ni Kifaru. Shangazi yetu Tusekile, aliyetuachia ngano hii, hakukubali mtu aisimulie kwa kumweka Sungura mahali pa Pimbi. Alisema Sungura ana ngano zake za kutosha.

Basi siku moja Kifaru alikuwa akinoa pembe yake ubavuni mwa kilima. Kwa! Kwa! Jiwe jeusi likabanduka, likabingirika mpaka kwenye moto wa Nyani, aliyekuwa akichoma viazi. Jiwe likawaka! Viazi vikaungua, Nyani akaruka nyuma. Kifaru akalitazama jiwe, akamtazama Nyani.

"Kilima hiki cha nani?"

"Sijui, Bwana Mkubwa."

"Basi jua leo. Changu. Nawe ni mtu wangu wa moto."

Yale ndiyo makaa ya mawe. Kifaru akajenga tanuri kubwa kama nyumba, lenye kuta nene, akalisimamishia dohani ndefu ya kutolea moshi. Akachimba, kwa! kwa! Nyani akavuta mivukuto ya kupulizia moto, vuu! vuu! Chuma kikafuliwa, nge! nge! Moshi ukapanda.

Zikatoka sufuria. Na tuseme kweli, zilikuwa sufuria nzuri. Waliozoea kupikia vigae vya vyungu sasa walipikia chuma, na chakula kiliiva upesi. Kila mnyama alitaka yake. Nungunungu alikuwa nazo rundo zima, na hakuwa na cha kupika.

Lakini Kifaru alikuwa mchoyo. Majivu yake hagawi. Makaa yaliyodondoka njiani hagawi. Hata kivuli cha tanuri alikizungushia uzio wa miiba, mtu asije akapumzika bure. Kitu kimoja tu aliwagawia wote bila kuombwa: moshi.

Akachimba, kwa! kwa! Nyani akavuta, vuu! vuu! Moshi ukapanda, ukatanda, ukakaa. Mchana jua halikuonekana vizuri, na usiku joto halikuondoka, kama vile nchi nzima imefunikwa blanketi na hakuna wa kulivuta. Mawingu ya mvua yakaja, yakachungulia, yakaenda zake. Kule juu ya jabali kidimbwi cha Pimbi kikawa tope, tope likawa vumbi. Watoto wake wakaanza kukohoa. Koho! Koho! Kitindamimba wake, Kadoho, alikohoa mpaka miguu ikaisha nguvu.

Pimbi akashuka kwenda kwa Kifaru.

"Hodi, Bwana Mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Nani anaongea? Naona jiwe."

"Ni mimi Pimbi. Moshi wako unaniulia watoto."

"Moshi wangu? Moshi ukishatoka kwenye dohani si wangu. Uko juu, na juu hakuna mwenyewe."

"Punguza basi, Bwana."

Kifaru akakoroma. "Sikiliza, we usiye na mkia. Vifaru wa ng'ambo ya mto wamechoma makaa tangu enzi za babu zao. Wamenenepa, wamejenga, wamelala. Leo zamu yangu ndiyo mnakumbuka kukohoa? Ukawaambie wao kwanza!"

Pimbi akaona maneno hayo yana ukweli ndani yake. Akapanda zake juu.

Wanyama wakaitana mkutano. Wakasema moshi ni mbaya. Wakasema sufuria ni nzuri. Wakaazimia kukutana tena. Wakala, wakaondoka, na Kadoho akaendelea kukohoa.

Hapo ndipo Pimbi alipofanya jambo ambalo mimi, kila nikilisimulia, natamani ningelifanya mwenyewe.

Asubuhi akawapanga watoto wake juu ya mwamba uliokuwa mkabala na tanuri. "Fungueni midomo," akawaambia. "Moshi ukija, msiuvute ndani. Tafuneni tu. Mkimaliza, pigeni matumbo." Wakatafuna. Nya, nya, nya! Wakapiga matumbo. Du, du, du! Pimbi akajilamba, akasema kwa sauti kubwa, "Alhamdulillahi! Leo umeiva kweli!"

Kifaru haoni mbali, ila anasikia sana. "Hee! Mnakula nini huko?"

"Hatuli kitu, Bwana Mkubwa. Ni moshi tu."

"Moshi wa nani?"

"Wa juu. Ulisema mwenyewe, juu hakuna mwenyewe."

Kadoho akakohoa. Koho! Koho!

"Mbona huyo anakohoa?"

"Amepaliwa," akajibu Pimbi. "Huyu mtoto ana pupa, anakula kama hajawahi kuona chakula. Taratibu, baba, upo mwingi!"

Kifaru akasogea, pua juu. "Moshi una shibe gani?"

"Nikuulize, Bwana. Tanurini unaingiza makaa kiasi gani?"

"Kilima!"

"Na majivu yanayotoka?"

Kifaru akageuka kumtazama Nyani. Nyani akaonyesha kikapu.

"Kilima kimeingia, kikapu kimetoka," akasema Pimbi. "Kilima kimekwenda wapi, Bwana Mkubwa?"

Kifaru akafikiri. Masikio yakasimama, kwanza moja, kisha la pili. "Kimekwenda juu," akasema polepole.

"Nasi ndio wa juu. Na upepo ukivuma, hata vifaru wa ng'ambo wanapata mafungu yao. Nasikia siku hizi hawapiki, wanakusubiri wewe."

"Naibiwa!" akanguruma Kifaru. "Naibiwa mchana kweupe! Nyani! Ziba dohani!"

Pimbi akajitupa chini, akagaagaa. "Usizibe, Bwana! Watoto wangu watakula nini? Tuachie hata mabaki!"

"Mabaki pia ni yangu! Ziba!"

Nyani akaziba dohani kwa udongo. Kifaru akaziba madirisha, akaziba nyufa, akaingia tanurini mwake pamoja na Nyani, akafunga mlango, akakaa mbele ya moto kulinda mali yake. Vuu! Vuu! Moshi ukapanda, ukagonga, ukarudi.

"Bwana, koho! macho yananiwasha," akasema Nyani.

"Vumilia! Ni mali hii!"

"Basi, koho! fungu langu nakuachia." Nyani akasukuma mlango, akakimbia, na hakuonekana tena upande ule.

Kifaru akaufunga tena. Wa nje wakamsikia. "Wangu, koho! wote, koho koho! wangu!" Kisha kimya. Kisha gbuu! Ukuta ukapasuka, Kifaru akatoka na nusu ya tanuri shingoni, macho mekundu, akakimbia moja kwa moja mpaka kwenye tope la mto, akajibwaga, akagaagaa. Tangu hapo akiona moshi, hata wa mpita njia anayechemsha chai, huurukia na kuukanyaga.

Moto ukazimika. Moshi uliokwisha kupanda haukushuka siku ile, wala siku iliyofuata, ulikawia sana. Shangazi alisisitiza sana neno hili, tusije tukadhani mambo ni mepesi. Lakini mwisho wingu lilikuja, likachungulia, likakaa. Ti, ti, ti, kisha shaa! Kadoho akanywa kidimbwini, akapanda mwambani, akaota jua bila kukohoa.

Wanyama wakamjia Pimbi juu wakilalamika. "Umetuharibia! Sasa sufuria tutapata wapi?"

"Nungunungu anazo," akajibu Pimbi, akaendelea kuota jua.

— Ngano yangu nimeitua!
— Iache ipoe tuifunue!
— Mna la kuuliza?
— Funzo lake?

Funzo lake ni hili: uchoyo ni mbaya. Ukiwa na moshi, usikae nao peke yako nyumbani. Wagawie majirani.