Mwokaji wa Upepo

Mtu mmoja wa mji wa Haarlem, nchi ya Uholanzi, jina lake Harmen Tielens, alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Wouter. Harmen alichonga picha katika mabamba ya shaba na kuzipiga chapa. Wouter alioka mikate. Mwaka 1720 watu walishikwa na homa ya kununua hisa za makampuni ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, na Wouter akaweka rehani nyumba na tanuri lake ili naye anunue.

Harmen alimwonya, hakusikia. Basi akachonga bamba: mwokaji anatia upepo mtupu tanurini badala ya mkate, na watu wamejipanga mlangoni na vikapu vyao. Uso wa mwokaji ulikuwa wa Wouter, hata kovu la moto kidevuni. Alifanya hivyo kwa upendo, ili ndugu yake ajione.

Picha ikapendwa. Kila aliyeinunua alimwona jirani yake ndani yake, akacheka. Nakala zilipokwisha Harmen akachapa nyingine, na nyingine tena. Akakodi mtambo wa pili. Usingizi ukampaa. Kila asubuhi alikwenda mbio kuuliza bei ya hisa, yeye asiyekuwa na hata moja, akarudi akijiuliza: zikianguka leo, nani atanunua kichekesho cha jana?

Ijumaa moja Wouter aliingia karakanani, akiinama chini ya karatasi mbichi zilizoanikwa kambani. Akaitazama moja, akajishika kidevu.

"Umeninenepesha, kaka," alisema. Kisha kicheko kikamtoka. "Nimejiona. Nataka kuuza leo. Lakini wajua mtaa mzima unanitazama mimi. Nikiuza, wote watauza. Wewe unasemaje?"

Harmen alizitazama kamba. Picha mia tatu, wino haujakauka, na gulio ni kesho.

"Ngoja hadi Jumatatu," akasema.

Wouter alimshukuru, akaenda zake. Jumatatu hisa hazikupata mnunuzi, si kwa bei yoyote. Kabla mwezi haujaisha, mtu mwingine alikuwa akiwasha moto katika tanuri lile. Picha za Harmen zilikuwa zimeuzwa zote.

Nanyi mnaokemea maovu ya wenzenu: siku yatakapokoma, mtakula nini?